Krisma ni Ile Ile

Kijana anapopewa daraja takatifu ya Upadre, ndugu na jirani hujaa kanisani, vigelegele hulia, mama mzazi hutokwa na machozi. Yafaa tufurahi. Misioni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868, na mapadre wanne wa kwanza wazalendo wa nchi hii wakapewa daraja tarehe 15 Agosti 1917. Katika miaka ile 49, makatekista, watu wenye wake na mashamba, walifundisha sala vijijini pamoja na wamisionari. Mkono mmoja haulei mwana.

Lakini karamu ikiisha, wengi husema: “Mambo ya Kanisa ni ya Padre.” La, sivyo! Kweli, upadre wa daraja ni tofauti kabisa na ule wa ubatizo. Pasipo Padre hakuna Misa wala maondoleo katika Kitubio. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha hivyo mwaka 1964, ukaongeza kwamba pande hizi mbili zahitajiana. Krisma ipakwayo mikononi mwa Padre ni ile ile iliyopakwa utosini mwa mtoto mchanga aliyebatizwa.

Mkristo wa Ilala atoka Misa ya alfajiri Msimbazi, aenda dukani Kariakoo. Padre hawezi kusimama penye kila meza ya soko. Apimaye mchele bila kumpunja mteja, amlipaye mchukuzi ujira wake kabla ya jua kutua, huyo atoa sadaka yake. Akidanganya hapo, nani atayasadiki mahubiri ya Jumapili?

Tena, kabla ya kumwekea kijana mikono, Askofu huuliza kama anastahili. Naye hujibiwa kwamba waamini wameulizwa. Ndio ninyi mlioulizwa! Ajuaye neno zito akalificha kwa haya, amelikosea Kanisa na kijana mwenyewe. Wala asemaye kweli kwa upendo asiitwe adui wa mapadre. Padre naye akumbuke kwamba Bwana wetu alijifunga kitambaa akawaosha mitume miguu; daraja si kiti cha kuwakalia watu.

Basi, wazazi, jioni hii muulizane nyumbani: Padre wetu anaye nani wa kumwambia kweli? Na jirani zetu sokoni, wameuona wapi ubatizo wetu?