Zawadi ao Deni?



Katika vijiji vya Katanga vilivyo karibu na mashimo ya madini, mara nyingi utaona nyumba ya masomo ao pompi ya maji yenye kibao: jina la kampuni, kisha neno «zawadi». Siku ya kuifungua wamama wanaimba, wakubwa wanakata utepe. Sisi nasi tumeitwa kuomba siku kama hizo, na tumeomba kwa furaha. Lakini njiani kurudi tunajiuliza: ile ni zawadi, ao ni deni?

Swali hili si dogo. Anayepokea zawadi anashukuru na kunyamaza. Anayelipwa deni ana haki ya kuhesabu.

Wenye elimu ya dunia nao wameshindana juu yake. Mwaka wa 1970 Milton Friedman, mwalimu wa uchumi wa Marekani, aliandika kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida bila kuvunja sheria. Mkubwa wa kampuni anayegawa feza kwa mambo mengine anagawa mali ya wengine. Mwaka wa 1984 R. Edward Freeman, wa inchi ileile, alionyesha njia nyingine: kampuni haina wenye hisa tu. Ina wafanyakazi, wanunuzi, wanaoiuzia vitu, na wakaaji wa mahali inapofanyia kazi. Wote wanaoguswa na kazi yake waangaliwe.

Tusimzarau Friedman upesi. Ni kweli kwamba hakuna sifa katika kugawa mali ya mwingine. Lakini tunamuuliza: mali ya mwingine inaanzia wapi? Kama vumbi limeingia kifuani mwa mtoto, kama maji ya mto yameharibika, kama shamba la mama limechimbwa, hizo ni gharama za kazi. Kampuni isiyoziandika katika daftari lake haikupata faida yote inayoitangaza. Sehemu imeikopa kwa watu ambao haikuwauliza.

Sheria ya Musa iliona jambo hili zamani. Mwenye shamba hakukatazwa kuvuna. Alikatazwa kuvuna mpaka pembeni. Masalio yalikuwa haki ya maskini na mgeni. Ruta aliokota masuke katika shamba la Boazi kwa haki hiyo. Boazi alimwongezea kwa wema wake, lakini pembe za shamba hazikuwa wema wa Boazi. Zilikuwa sheria.

Hata wema una hatari yake. Wazee wetu wanakumbuka Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, na Gécamines iliyoshika mahali pake serikali ilipotwaa mali mwaka wa 1967. Nyumba, posho, lopitali, masomo ya watoto: vyote vilitoka kwa kampuni. Watu waliiita baba na mama. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Shimo la Kamoto likaanguka mwaka wa 1990, na kufika 1994 zilibaki karibu tani 30,000. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Baba alipoanguka, watoto hawakujua kusimama. Kwa hiyo kampuni isiulizwe tu inatoa nini leo. Iulizwe pia itaacha nini siku madini yatakapokwisha.

Leo sheria ya inchi yetu inasema wazi. Sheria ya madini iliyogeuzwa mwaka wa 2018 inadai kampuni inayochimba itoe 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji: kwa kila dolari 1,000,000, dolari 3,000. Inadai tena mapatano ya maandishi kati yake na wakaaji hao. Na katika kodi inayolipwa juu ya madini yaliyouzwa, 15 kwa mia ni ya mahali yanapochimbwa. Basi kile kilicholipwa kwa sheria hii kisiitwe zawadi.

Lakini, wapendwa, tusielekeze kidole kwa wengine tu. Nani anasimama kwa ajili ya kijiji siku ya mapatano? Mara nyingi ni chifu, mwalimu, ao mzee wa kanisa. Akipokea bahasha usiku, kesho atatia sahihi kwa kiasi chochote, na watoto wa jirani watalipa. Huyo amezulumu kupita kampuni, maana kampuni haikula naye sahani moja.

Na ndugu mwenye duka ao kamio, anayemwambia mbeba mizigo «njoo kesho», yeye pia ana pembe za shamba. Musa aliagiza kibarua alipwe mbele ya jua kutua. Kanisa lenyewe, linalopokea sadaka za mjane, lina deni la kumwonyesha hesabu.

Basi tukiitwa tena kuombea nyumba ya masomo, twende, tuombe kwa moyo wote. Lakini mbele ya kusema Amina tuulize kwa heshima: mapatano yako wapi, nani aliyatia sahihi, na wakaaji wameyasoma?