Wimbo wa Nyenje na Uadilifu wa Mungu

Swali la kale kuhusu uadilifu wa Mungu, yaani kwa nini Muumba mwenye rehema anaruhusu viumbe wasio na dhambi waumie, hukutana na mtihani mgumu kwa parasitoidi, wadudu ambao mabuu yao hukulia ndani ya mdudu mwingine na hatimaye humuua. Charles Darwin, alipomwandikia mtaalamu wa mimea Asa Gray mwezi Mei 1860, alisema kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema aliumba kwa kusudi nyigu ambao watoto wao hula viwavi wangali hai.

Nzi wa Marekani aitwaye Ormia ochracea hulizidisha uzito swali hilo. Nyenje dume husugua mbawa zake usiku ili kumwita jike. Nzi jike, ambaye masikio yake yako chini ya shingo, huifuata sauti hiyohiyo hadi kwa mwimbaji na kumwachia mabuu, nao humtoboa, humla misuli na mafuta huku wakipumua kwa mrija uliounganishwa na ukuta wa tumbo lake, na baada ya takriban siku saba hutoka, naye hufa. Kinachomponza si kosa lolote, bali wito uleule unaoendeleza uzao wake. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, alikoingia nzi huyo, watafiti walieleza mwaka 2006 kwamba madume wengi wa nyenje walikuwa na mbawa zisizotoa sauti, badiliko la kurithi lililoenea katika vizazi visivyofika 20. Mabubu hao huwapata majike kwa kujibanza karibu na wachache ambao bado wanaimba.

Katika Uislamu, mwanatheolojia Al-Ghazali alifundisha katika kitabu chake Ihyaa kwamba, miongoni mwa yanayowezekana, hakuna kilicho bora kuliko kilichopo, fundisho linalomtaka muumini autazame ulimwengu kwa ukamilifu wake. Lakini anayeliwa ni nyenje mmoja, si ulimwengu. Wanatheolojia wa Mu'tazila, kundi la kale la Kiislamu, waliosisitiza kwamba Mungu hatendi dhuluma, walishikilia kuwa hata mnyama aliyeumia bila hatia atalipwa fidia Akhera. Iwapo mdudu huhisi maumivu ni suala ambalo sayansi haijalikata, wala fidia haielezi kwa nini maumivu yaliumbwa. Hata hivyo fundisho la Mu'tazila ndilo lenye haki zaidi kati ya haya mawili, kwa sababu halimfanyi nyenje kuwa somo kwa binadamu tu, bali linamtambua kuwa na dai lake mwenyewe mbele ya Mola wake.