Kutoka Jerusalem Kwenda Jericho, Usiku

Wapendwa wa Eastlands, sisi hatuhitaji ramani ya Nchi Takatifu ili tuelewe habari za yule msafiri aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Jerusalem yetu na Jericho yetu ni mitaa jirani, hapa hapa upande wa Barabara ya Jogoo. Mtoto aliyetumwa maziwa huenda akarudi kabla chai haijachemka. Na bado, saa mbili usiku, safari hiyo fupi yaweza kumlaza mtu kando ya njia, wala si kwa mkono wa wanyang'anyi. Ni kwa mkono wangu na wako tulioshika usukani, taa zetu zikimulika matawi ya miti huku barabara ikibaki gizani.

Yule mwanasheria wa Injili alitaka kujua jirani yake ni nani. Usiku, ndugu yangu mwenye gari, jirani yako ni mama anayevuka Outer Ring na gunia la sukuma wiki mgongoni. Ni kijana wa mkokoteni usio na taa ya nyuma. Ni wale wanaotoka zamu Industrial Area wakirudi Donholm na Umoja kwa miguu, kwa sababu nauli ya leo ndiyo unga wa kesho. Kila mwaka takwimu za NTSA hurudia kilio kilekile: wanaotembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi kati ya wanaouawa barabarani. Hao ndio unaowanunulia balbu.

Naungama mbele yenu. Balbu yangu moja iliungua, nami nikanunua mbili za buluu kwa mchuuzi kwa sababu zilikuwa rahisi, na kwa sababu zilinipendeza: gari kuukuu lilionekana jipya. Wiki ileile, mvua ikinyesha, mzee mwenye koti jeusi akatokea mbele ya boneti kana kwamba ardhi imemtema. Nilikanyaga breki hadi mguu ukafa ganzi. Alivuka salama. Hakunitukana, aliinua tu mkono akajikinga macho. Mkono ule bado nauona.

Piga hesabu nami. Ukienda kilomita 60 kwa saa, gari hula karibu mita 17 kila sekunde. Uchukue sekunde moja na nusu kushtuka, kisha breki zishike kwenye lami kavu: utakuwa umekwisha pita mita 40. Taa ya dimu, hata iwe nzima, haimuonyeshi mtu wa nguo nyeusi mbali sana kuliko hapo. Kwa hiyo balbu mbovu haiibi mwanga wako. Inaiba zile mita chache ambazo uhai wa mwenzako umesimama juu yake.

Sasa ichukue balbu ya H4, ambayo imo katika magari mengi madogo ya Kijapani mitaani kwetu, uitazame kwa heshima. Ndani mna nyuzi mbili: mmoja wa wati 60 kwa ajili ya ful, mwingine wa wati 55 kwa ajili ya dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande machoni pa anayekuja. Bakuli linalong'aa nyuma ya taa lilichongwa likiutarajia uzi huo mahali pake kamili. Ukikaa kando hata kwa milimita moja, mwanga hutawanyika. Balbu feki hukosea hapo hapo: inawaka, inang'aa, na haijui inakomulika. Na ndiyo maana LED ya kuchomeka ndani ya taa iliyoundwa kwa haloji mara nyingi hupofusha dereva wa matatu anayekuja, lakini mtu aliye kando ya lami haonekani.

Ile rangi ya buluu je? Haiongezi kitu. Ni kichujio kilichopakwa juu ya kioo, na mwanga unaochujwa haurudi. Usinunue urembo kwa gharama ya macho.

Wengine, wakikosa mwanga, hukimbilia balbu ya wati 100. Nakusihi, usifanye hivyo! Waya na soketi za gari lako hazikuundwa kubeba moto huo. Plastiki huyeyuka, swichi huungua. Mwambie kwanza fundi wa waya apime umeme unaofika kwenye soketi. Ukipungua kwa asilimia 10 tu, kwa sababu ya kutu au ethi mbovu, haloji hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Wangapi wametupa balbu nzuri kwa kosa la waya!

Ukishajua kosa ni la balbu, nunua kama mtu anayemnunulia mgonjwa dawa. Soma namba iliyo kwenye kitako cha ile ya zamani, iwe H4, H7 au HB4, na usikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa. Tafuta alama ya E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi. Alama pia huigwa, na majina makubwa kama Osram na Philips huigwa zaidi, kwa hiyo nenda kwenye duka litakalokupa risiti na ambalo utalikuta palepale mwezi ujao. Nunua mbili, maana ile nyingine imezeeka pamoja na iliyoungua. Usiguse kioo cha balbu kwa vidole. Mafuta ya ngozi hukichoma kikipata moto.

Kisha, kabla hujamlipa fundi, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, uwashe dimu. Ukingo wa mwanga uwe chini ya kimo cha balbu kwa sentimita 10 hivi, na upande juu kidogo kushoto tu, kule wanakotembea watu.

Kesho ni Jumamosi. Mafundi wa waya wa Kariobangi huwa wamefungua mapema. Nenda na balbu yako ya zamani mkononi.