Mjumbe Asiyetumwa

Wahenga waliposema mjumbe hauawi, walikuwa na hakika ya jambo moja: yuko aliyemtuma. Ujumbe ukikataliwa, hasira zinajua pa kwenda. Ukikubaliwa, yupo wa kutimiza ahadi. Je, anayesimama mbele ya serikali akasema kwa niaba ya Bitcoin, ametumwa na nani?

Sarafu hiyo ya kidijitali haina gavana wala makao makuu. Mbunifu wake, anayejulikana kwa jina la bandia la Satoshi Nakamoto, alianza kujitenga mwishoni mwa 2010, na mfumo ukaendelea bila yeye. Waliobaki waliona pengo. Septemba 2012 baadhi yao walianzisha Bitcoin Foundation nchini Marekani, pamoja na mengine iisemee sarafu mbele ya wakubwa.

Haikukaa bure. Novemba 2013, wiki chache baada ya soko haramu la Silk Road kufungwa, Seneti ya Marekani iliitisha kikao kuhusu sarafu za aina hii, na mwanasheria wa taasisi hiyo, Patrick Murck, akaenda kujibu maswali. Ilikuwa kazi ya maana, na ilihitaji mtu wa kuifanya.

Lakini anayejitwika usemaji humtwika anayemsemea aibu zake pia. Mwaka huohuo mamlaka ya fedha ya California iliiandikia taasisi hiyo barua ya kuitaka ikome kusafirisha fedha bila leseni, biashara ambayo haikuwa ikiifanya. Serikali ilitafuta mlango wa kubisha, ikaukuta huo. Januari 2014 makamu mwenyekiti wa taasisi, Charlie Shrem, akakamatwa. Mwezi uliofuata soko la kubadilishia Bitcoin la Mt. Gox likaanguka, na mkuu wa soko hilo, Mark Karpelès, alikuwa kwenye bodi ya taasisi hiyohiyo. Kanuni za Bitcoin hazikuguswa hata nukta. Jina lake ndilo lililochafuka.

Hapo ndipo mjumbe anapoachana na shahidi. Mjumbe hubeba neno la mwingine. Shahidi husema alichokiona mwenyewe, na akikosea, kosa ni lake. Sarafu isiyo na mwenyewe inahitaji mashahidi, tena wengi: mwalimu anayefundisha kutunza ufunguo wa siri, wakili anayemtetea mteja wake, mtaalamu anayefichua kasoro ya programu. Hata kuungana waungane, maana mabenki nayo yana watetezi wa kulipwa. Ila wajitaje kuwa ni watumiaji, wasijiite Bitcoin.

Waliojaribu kuamua kwa niaba yake walilipata jibu. Mei 2017 kampuni zaidi ya 50 zilikubaliana mjini New York kupanua bloku za mfumo, yaani mafungu ya miamala, zikidai kuwa na zaidi ya asilimia 80 ya nguvu za uchimbaji, yaani za kompyuta zinazoyaunda mafungu hayo. Watumiaji wengi, wanaoendesha programu ya Bitcoin kwenye kompyuta zao wenyewe, walikataa kuhamia toleo jipya. Tarehe 8 Novemba mwaka huo, viongozi wa mpango huo walitangaza kuusimamisha kwa kukosa maafikiano.