Mtoto kama Chombo cha Lugha: Swali la Kimaadili katika Ufufuzi wa Kiebrania

Aghalabu ufufuzi wa Kiebrania husimuliwa kama ushindi wa wasomi. Hata hivyo, katika maandishi lugha hiyo haikuwa imekufa. Ilitumiwa katika sala kwa karne nyingi, na mwaka 1853 Abraham Mapu alichapisha riwaya kwayo. Kilichokosekana ni watoto wa kulia, kugombana na kucheza kwa Kiebrania. Hapa ndipo linapozuka swali la kimaadili: je, mzazi ana haki ya kumfanya mwanawe chombo cha kuhuisha lugha?

Eliezer Ben-Yehuda aliwasili Jerusalem mwaka 1881. Mwanawe, aliyezaliwa 1882 na baadaye kujulikana kama Itamar Ben-Avi, alilelewa kwa Kiebrania pekee. Katika kumbukumbu zake, Itamar anasimulia jinsi baba alivyoghadhibika alipomsikia mama, Devora, akimwimbia mtoto kwa Kirusi.

Yamkini mtetezi wa Ben-Yehuda atasema kwamba hakuna mtoto anayechagua lugha yake ya kwanza. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Mzazi wa kawaida humrithisha mtoto lugha pamoja na jamii inayoizungumza. Itamar alirithishwa lugha ambayo jamii yake ilikuwa bado haijazaliwa. Gharama ya mradi wa taifa ikawa upweke wa mtoto mmoja.

Upweke huo haukuondolewa na kamusi, bali na watoto wengine. Huko Rishon LeZion shule ilianza kufundisha kwa Kiebrania katika miaka ya 1880, na shule ya chekechea ikafuata mwaka 1898. Lugha ilipopata wachezaji, ilipata pia uhuru. Kiambishi -le cha Kiyidi, lugha iliyopigwa vita na wafufuzi, kilijipenyeza katika Kiebrania cha nyumbani: ima, yaani mama, akaitwa imale kwa mahaba. Kilichofukuzwa mlangoni kilirudi kupitia kinywa cha mapenzi.

Kwa hivyo, kosa la Ben-Yehuda halikuwa kumpa mwanawe Kiebrania. Lilikuwa kuuzima wimbo wa mama. Lugha huhuishwa kwa haki pale ambapo mtoto anapewa neno jipya bila ya kunyang'anywa la zamani, kisha akaachiwa kulitumia apendavyo.