MGENI WA NJIANI NA MILANGO YETU

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye kuneemesha, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, leo twataka kuwaeleza jambo lililotupata safarini. Hatukusudii masimulizi, bali ndani yake mna funzo ambalo sisi watu wa pwani twalihitajia khasa.

Katika masika ya mwaka 2018, ambayo mvua zake zilikuwa nyingi mno, tulikuwa watu wanne tukitoka mjini Meru kwenda Embu. Njia ya lami hupita ubavuni mwa Mlima Kenya, upande wa mashariki, ikiikata mito mingi iteremkayo kuelekea Tana: Mutonga, Nithi, Thuci na mingineyo. Tulipofika Igoji tuliiacha lami, tukateremka kwa njia ya udongo kwenda kumpa mkono wa tanzia ndugu mmoja aliyefiwa. Wakati wa kurudi mvua ikatukuta. Udongo mwekundu wa nchi ile ukishiba maji huwa kama sabuni. Gari likateleza, likaingia mtaroni, na usiku ukatuingilia. Simu hazikushika. Baridi ya mlima hatukuizoea, na mmoja wetu alikuwa mtu mzima mwenye pumu. Tuliona taa moja tu, mbali, juu ya kilima. Tukaiendea kwa miguu.

Tulipiga hodi kama tulivyofundishwa na dini yetu, nasi tumeweka nia kuwa tukiambiwa turudi, tutarudi. Akafungua mzee wa makamo ya miaka sabini. Panga lilikuwa limeegemezwa nyuma ya mlango, tuliliona. Lakini hakulishika, wala hakutuuliza dini wala kabila. Aliyatazama matope miguuni mwetu, akamwambia mkewe: "Wageni wamenyeshewa." Moto ukachochewa, tukapewa maji ya moto, kisha githeri na chai ya maziwa. Mwenzetu mgonjwa akapewa kitanda cha mzee mwenyewe, na mzee akalala kitini.

Hapo mmoja wetu akanong'ona: hawa ni Wakristo, tutakulaje katika vyombo vyao? Kuuliza si makosa. Makosa ni kukunja uso mbele ya mwenye nyumba. Chakula cha Watu wa Kitabu kimehalalishwa katika Suratul Maida, na githeri ni mahindi na maharagwe, haina kuchinjwa. Ama vyombo, Mtume S.A.W. alipoulizwa na Sahaba Abu Thaalaba, alimwelekeza kuwa akipata vingine aviache, na asipopata avioshe, ale. Navyo vilioshwa mbele ya macho yetu. Mwenzetu akala. Tukakusanya Magharibi na Isha, na Isha tukaipunguza. Na yule mama, alipojua kuwa twaelekea kaskazini, alitufagilia upande huo na kuwanyamazisha wajukuu mpaka tukatoa salamu.

Baada ya sala mzee akatuuliza tutokako. Tukasema, Mombasa. Akacheka, akageuza ulimi, akasema Kiswahili cha kwetu. Kumbe ujanani mwake alifanya kazi bandarini, akapanga chumba katika mtaa wa Waislamu kwa miaka miwili. Akasema: "Majirani walikuwa watu wazuri, hawakunidhuru. Siku ya Idi nilisikia harufu ya pilau ukutani. Lakini kuambiwa karibu, hata siku moja sikuambiwa."

Hakuyasema kwa lawama. Aliyasema kama mtu atajaye habari za mvua. Nasi tulikuwa na vikombe vyake mikononi, hatukupata la kujibu.

Ndugu zetu, wazee wa Meru husimulia kwamba baba zao walitoka katika kisiwa kiitwacho Mbwaa, wakikimbia dhulma ya watu wa Nguo Nyekundu, wakavuka maji usiku. Wako wataalamu waliosema kuwa Mbwaa ni Manda, karibu na Lamu, na kwamba wale wenye kudhulumu walikuwa wageni wa pwani yetu hii. Sisi hatuhukumu ukweli wa habari hiyo. Twasema tu kwamba mtu aliyekuzwa kwa hadithi kama hiyo alitufungulia mlango, na sisi tuliokuzwa kwa hadithi ya Nabii Ibrahim tuliufunga.

Kwani nani asiyejua kisa cha Nabii Ibrahim? Walimjia wageni asiowajua, akaenda upesi kwa ahali yake, akawaletea ndama wa kuchoma kabla ya kuwauliza haja yao. Nani asiyejua kuwa msafiri aliyekatikiwa njiani ametengewa fungu lake katika Zaka? Na katika Suratul Kahf watu wa mji mmoja walikataa kuwakaribisha Nabii Musa na mwenzake. Jina la mji ule halikutajwa, lakini ubakhili wao unasomwa kila Ijumaa mpaka leo.

Wala wema wa asiyekuwa Mwislamu haukudharauliwa na Mtume wetu. Aliporudi kutoka Taif, aliyempa ulinzi wa kuingia Makka alikuwa Mut'im bin Adiyy, naye ni mshirikina. Na baada ya Badri, Mut'im akiwa amekwisha kufa, Mtume S.A.W. alieleza kwamba lau angalikuwa hai akawaombea mateka wale, angaliwaachilia kwa ajili yake. Hiyo ndiyo tabia ya mwenye kukumbuka fadhila.

Sasa tuitazame hali yetu. Sahani za karamu zetu huenda kwa walioshiba. Hutoa sinia kwa sinia katika arusi na hitima, na jirani mgeni anapita mlangoni ameinamisha kichwa. Twamwita "mtu wa bara", kisha twakaa barazani twauliza kwa nini watu wa bara hawaipendi dini yetu. Wataipendaje, nao hawakuonja hata chumvi yake?

Watasema baadhi yetu: mjini kuna wezi. Kweli, na sharia haikukataza hadhari. Lakini hata yule mzee alikuwa na panga lake. Hadhari ni kitu kimoja, na kufunga moyo ni kitu kingine.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, kila mmoja ajue jina la mpangaji na jirani yake, na sahani ya kwanza ya Idi imwendee mgeni. Pili, kila msikiti utenge chumba, na fungu katika Zaka, kwa msafiri aliyekwama. Tatu, tuwakanye watoto wetu majina ya dharau.

Asubuhi mzee alikataa fedha zetu, akatuletea vijana wa kulitoa gari. Sisi wenyewe tulikuwa na kijana wa Embu aliyepanga chumba cha uani kwetu. Tarehe yake ya kulipa kodi tuliijua. Jina la baba yake hatukulijua. Tuliporudi Mombasa tulikwenda kumbishia mlango kabla hatujavua viatu. Chumba kilikuwa kitupu. Alikuwa amehama wiki ile, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Ewe Mola wetu, usitukutanishe na wageni wetu Siku ya Kiama nao ni wadai wetu. Mrehemu mwenye kuturehemu, muongoe, na utuongoe sisi pamoja naye. Amin.