Kazi na Sadaka

Lugha yetu ina tabia moja ambayo aghalabu tunaipita bila ya kuitazama. Mtu asiyeona tunamwita kipofu, asiyesikia tunamwita kiziwi, asiyeweza kutembea tunamwita kiwete, na wote kwa jumla tulikuwa tukiwaita vilema mpaka juzi juzi. Majina yote hayo yamevaa kiambishi cha vitu: kiti, kikombe, kisu, kipofu. Lakini mtazame huyo kipofu anapopata kitenzi. Hatusemi kipofu kinakuja. Twasema kipofu anakuja. Hatusemi viziwi vimefanya kazi. Twasema viziwi wamefanya kazi. Jina lilimweka kabatini pamoja na vyombo, kitendo kikamtoa humo na kumrejesha miongoni mwa watu. Wataalamu wa sarufi watanikumbusha kwamba hata kiongozi, kijana na kinyozi wamo katika ngeli hiyo hiyo, na kwamba si vyema kujenga falsafa juu ya kiambishi. Hoja yao naikubali. Hata hivyo sijaweza kuisahau picha ile ya mtu anayengoja kitenzi.

Nalitaja jambo hili kwa sababu linagusa suali ambalo limenikaa moyoni kwa muda, na ambalo ningependa kulijadili na wasomaji wa kurasa hizi, ijapokuwa wengi wao huja hapa kutafuta mashairi. Tunapomsaidia mtu mwenye ulemavu kupata ajira, na khasa anayemsaidia anapokuwa ni ofisi ya umma iliyowekwa kwa kodi zetu, tunampa kitu gani? Tunampa haki yake, au tunampa sadaka yetu? Na je, kwake yeye kuna tafauti yoyote, maadamu mwisho wa mwezi mshahara ni ule ule?

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika sadaka, na si jambo la kulionea haya. Baada ya sala ya Ijumaa, mtu asiyeona anayekaa mlangoni mwa msikiti anajulikana kwa jina, huulizwa hali, na siku asipoonekana watu humtafuta. Iko miji mikubwa yenye utajiri ambako asingepata hata hilo. Lakini sadaka ina sharti lake: huwekwa katika mkono mtupu. Siku mkono ule ukijaa, mtoaji hukosa pa kuitia. Kwa hiyo, bila ya kukusudia ubaya wowote, twajikuta tunamhitaji yule mtu abakie pale pale alipo. Hata methali yetu mashuhuri, hujafa hujaumbika, ina upungufu huo. Inatuonya tusimcheke aliyelemaa kwani nasi yaweza kutufika, na ni onyo jema. Lakini angalia inasema na nani. Inasema na mzima. Mwenye ulemavu hasemeshwi humo. Yeye ni mfano anaoonyeshwa mwingine.

Na sisi wapenzi wa mashairi hatumo nje ya lawama. Ni mara ngapi tumeandika upofu tukakusudia ujinga, au uziwi tukakusudia ukaidi? Abu al-Ala al-Ma'arri, mshairi wa Sham aliyefariki mwaka 1057, alipoteza macho kwa ndui akiwa mtoto wa miaka minne. Alijifunza kwa masikio na kuandika kwa mikono ya wengine waliomshikia kalamu. Karne karibu kumi zimepita, na sijapata kumsikia mtu akidai kwamba mashairi yale ni ya wale walioshika kalamu. Katika ushairi, basi, tunajua vizuri kwamba msaada haumnyang'anyi mtu kazi yake. Ukivuka mlango wa ofisi ndipo tunapoyasahau hayo.

Sheria zimejaribu kulijibu suali letu kwa hesabu. Tanzania ilikuwa na sheria ya mwaka 1982 iliyomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awe na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu miongoni mwao. Sheria ya mwaka 2010 ikateremsha idadi ya wafanyakazi hadi 20 na kupandisha kiwango hadi asilimia 3. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 2006, mwaka ule ule Umoja wa Mataifa ulipoupitisha mkataba ambao kifungu chake cha 27 kinaitambua haki ya kufanya kazi. Tanzania ikauridhia mkataba huo mwaka 2009. Sasa fanya hesabu ndogo. Asilimia 2 ya watu 50 ni mtu mmoja kamili. Asilimia 3 ya watu 20 ni sehemu sita za kumi za mtu. Nasema hivi nusu kwa mzaha, lakini nusu ya pili si mzaha: anayefika ofisini akiwa sehemu ya asilimia huwa na kazi ya ziada ya kujikamilisha mbele ya wenzake, kazi ambayo haimo katika mkataba wake wala halipwi kwayo.

Namba hizo 20 na 3 zina historia. Ndizo zilizotumika chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1944, iliyotungwa wakati majeruhi wa vita walipokuwa wakirejea makwao. Sheria ile iliongeza na jambo jengine: iliruhusu kazi maalumu zitengwe kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na zilizotengwa zilikuwa mbili tu, kuendesha lifti za abiria na kuangalia magari katika maegesho. Zingatia hayo. Mtu ana haki ya kazi, kisha haki ile inakuwa kiti fulani ndani ya lifti, ampandishe mwingine ghorofa ya sita penye kazi zenyewe, naye ateremke tena. Utaratibu wa asilimia ulifutwa huko kwa sheria ya mwaka 1995. Lifti nazo zimejifunza kujiendesha.

Ofisi za kuwaunganisha watu na ajira zilikusudiwa zifanye lililo zito kuliko kuhesabu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1948 kuhusu huduma za ajira ulitaka huduma hizo ziwe za umma na za bure, na uliwataja wenye ulemavu kwa jina miongoni mwa wale ambao mahitaji yao yatazamwe peke yake. Kutazama ndiko kugumu. Matangazo ya nafasi za kazi serikalini nchini Tanzania huwahimiza waombaji wenye ulemavu walete maombi yao, na papo hapo huwataka wataje ulemavu walio nao. Siilaumu nia; ofisi isiyoambiwa haiwezi kujiandaa. Lakini fikiri kama ungelazimika kuandika, kabla hujasema unachokiweza, kile usichokiweza, na hali hujui karatasi ile itasomwa na macho ya namna gani.

Miaka michache iliyopita binti wa jirani yangu, aliyezaliwa bila ya kusikia, alimaliza masomo ya uhasibu na kupata cheti kizuri. Baba yake, ambaye tumecheza bao pamoja tangu ujana, alinijia akaniambia, "Sheikh, wewe umezoea makaratasi. Mpeleke mwanao ukamwandikishe." Tukaenda kwenye ofisi moja inayoandikisha watafuta kazi. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu. Alimvutia binti kiti, akamchekea, kisha maneno yote akanambia mimi. Ikaletwa fomu: jina, umri, elimu, aina ya ulemavu, nambari ya simu. Niliijaza mimi, yeye yuko ubavuni pangu. Nilipofika penye nambari ya simu niliandika ya kaka yake. Niliona jambo liko wazi: simu ni ya kusikia, na huyu hasikii. Binti alinigusa mkono, akafungua mkoba na kunionyesha simu yake. Nikampigia ishara angoje kidogo, nikaendelea kuandika.

Baada ya miezi miwili nafasi ikatokea, ya kuweka hesabu katika biashara moja hapa hapa mjini. Ofisi ikapiga simu. Kaka yake alikuwa dago na wavuvi wenzake, mahali ambapo mtandao haufiki. Tulipokuja kuulizia tukafunguliwa daftari, na mbele ya jina lake pameandikwa: hapatikani. Nafasi ilikwishapewa aliyemfuatia. Tukiwa bado tumesimama pale, binti alitoa simu yake, akaandika maneno, akanielekezea. Aliandika: "Mimi nasoma, ami."

Nimelipima jambo lile mara nyingi. Ofisi ilikuwa na sheria, ilikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na pahala pa kueleza aina ya ulemavu. Hapakuwa na pahala pa kuuliza: tukikuhitaji, tukufikie vipi? Lakini ofisi haikumjua, mimi nilimjua tangu utotoni. Nilikwenda naye kama mtu anayepeleka sadaka, na mpeleka sadaka hana haja ya kuuliza. Yeye ndiye mwenye kujua kinachohitajika. Haikuwa dharau, na hilo ndilo linalonitisha, kwani dharau ningeitambua. Yalikuwa mapenzi.

Wasomaji wengi wanakijua kisa cha Ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona. Mtume (S.A.W.) alikuwa na waadhini wawili Madina. Bilal aliadhini usiku kungali na kiza, na Ibn Umm Maktum aliadhini alfajiri, adhana ambayo kwayo watu waliacha kula daku. Tuitafakari kazi hiyo. Kupambazuka ni jambo la macho; huonekana katika mstari wa mwanga upeo wa mbingu. Kama ungetafuta kazi moja ya kumnyima mtu asiyeona, ungeichagua hiyo. Naye alipewa. Ilifanyika vipi? Imepokewa kwamba hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kumekucha. Basi. Mtu mmoja mwenye macho asema neno moja, na mwenye sauti na amana atimiza wajibu wake mbele ya mji mzima. Walioisikia adhana hawakuambiwa kwamba ile ilikuwa nusu adhana. Na huyu huyu aliwahi kuachiwa mji ausimamie Mtume alipokuwa safarini.

Wanazuoni wana mengi ya kusema kuhusu kisa hicho, nami siingii katika elimu yao. Ninachokitaka ni kile kipimo. Baina ya mtu na kazi yake palikuwa na pengo la neno moja, na aliyewajibika kulisema alilisema kila alfajiri. Pengo la binti wa jirani yangu lilikuwa ni ujumbe mmoja wa maandishi.

Yupo atakayesema, na nimeyasikia haya kwa mfanyabiashara ninayemheshimu: "Duka langu si mlango wa sadaka. Kwa nini nibebe gharama za kumrekebishia mtu mazingira, na nje wamejaa vijana wazima wasio na kazi?" Sehemu ya kwanza ya maneno yake naiunga mkono kwa nguvu zote, kwani ndiyo hoja yangu mimi. Ama gharama, nilimwomba aangalie juu. Dukani mwake mna taa nane zinazowaka mchana kutwa. Kwa ajili ya nani? Asiyeona hazihitaji. Ni msaada wanaopewa wenye macho, unalipiwa kila mwezi, na hakuna aliyeuandika daftarini kuwa ni hisani. Alicheka, akasema mimi ni mtu wa maneno. Na kuhusu vijana wengine, ana haki ya kuuliza, kwani wao pia wana njaa. Lakini ushindani wa haki ni ule ambao wote wameisikia filimbi ya kuanzia, na aliyekuwa hasikii akapungiwa bendera.

Lipo pingamizi jengine ambalo naliogopa zaidi, kwa kuwa linatoka upande wetu sisi watetezi. Nimemwona mtu aliyeajiriwa ili hesabu itimie. Amepewa meza karibu na mlango, jina lake limo katika orodha, mshahara unaingia, na hapana hata mmoja aliyewahi kumpa kazi ya kufanya. Wageni wakija huonyeshwa. Ni mkono ule ule mtupu wa mlangoni, isipokuwa kilichowekwa ndani yake kina stakabadhi. Nilipomuuliza hali yake alinambia kwamba amekuwa hodari wa kusoma magazeti. Ofisi ya ajira iliyompeleka pale ilikwishamaliza kazi yake siku alipotia saini. Lau angekuwapo mtumishi wa kurejea baada ya miezi mitatu na kuuliza, "Anafanya nini?", si "Yupo?", nadhani asilimia nyingi tunazojivunia zingeingia aibu. Hapo ndipo ninapoiona tafauti niliyoiuliza mwanzo, ingawa mshahara ni ule ule.

Binti wa jirani yangu alirudi kwenye ofisi ile mwaka uliofuata, peke yake. Aliijaza fomu kwa mkono wake. Penye nambari ya simu aliandika yake, na pembeni, mahali pasipo na kisanduku, akaongeza: ujumbe wa maandishi tu, tafadhali. Baba yake aliniuliza barazani kwa nini safari hii sikumsindikiza. Nikamjibu kwamba hakuniomba.